Ukuta wa matundu: msanifu majengo aliyeingia ufinyanzi na kazi iliyompima

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wasanifu majengo vijana, na kwa wafinyanzi wanaoanza kupokea kazi za majengo. Mhusika ameusoma mswada na kuridhia. Mji, kijiji, taasisi iliyotoa kazi na watu wote nimewaondolea majina, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaacha nje. Vipimo na hesabu vinatoka kwenye daftari lake na langu. Mimi niliitwa mwezi wa sita wa kazi, mambo yakiwa yameshaharibika, kuangalia kama ukuta unaweza kuokolewa.

Alikotoka

Mhusika alisomea usanifu majengo, kisha akafanya kazi miaka tisa katika ofisi moja mjini. Alichora hoteli za ufukweni, nyumba za kuishi na majengo machache ya umma. Michoro yake ilisifika kwa usafi: kila kiungo kina kipimo, kila kona imechorwa tena kwa ukubwa ili fundi asibahatishe.

Mwaka wa tisa alitumwa kupima nyumba ya zamani katika mji wa kale wa pwani. Ilikuwa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zinakaribia nusu mita kwa unene, dari ya boriti za mikoko. Alipopanga vipimo mezani aliona kwamba vyumba vyote vina upana unaolingana, pungufu kidogo ya mita 3, hata vile virefu kama ukumbi. Sababu ilikuwa boriti. Mkoko unaofaa kubeba dari nzito ya mawe na chokaa hauendi mbali zaidi ya hapo, basi mti ndio uliokata upana wa chumba, na upana wa chumba ukaamua watu waketi vipi, walale wapi na wageni wapokelewe upande gani. Chuoni alifundishwa kuamua nafasi kwanza, vifaa vitafutwe baadaye. Katika nyumba ile kifaa kilikuwa kimetangulia kusema.

Jambo la pili lilikuwa zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu kwenye ukuta wa ndani na kunakshiwa kwa plasta ya chokaa. Vyote vilikuwa vitupu. Mwenye nyumba alimweleza kuwa zamani kila kimoja kilikuwa na chombo chake cha kauri, na kwamba ukuta bila vyombo ni nusu ya ukuta. Mhusika akakumbuka makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Tanzania, na ya Mambrui, Kenya, ambako mabakuli ya kauri kutoka China yalipachikwa ndani ya chokaa ya kaburi lenyewe. Kumbe pwani hii mfinyanzi na mwashi walikuwa wameshakaa ukuta mmoja kwa karne nyingi. Yeye ndiye aliyesomeshwa kuwatenganisha.

Aliacha kazi. Kwa akiba yake alikwenda kukaa miezi 14 na wanawake wafinyanzi katika kijiji cha bara kidogo, akajifunza kufinyanga bila gurudumu: kuponda na kuchekecha udongo, kuukanda, kuviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, kukwangua kwa kipande cha kibuyu, kusugua kwa kokoto laini mpaka chungu king'are bila kupakwa chochote. Alisoma pia maisha ya Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950 aliyeanza kama mchoraji wa michoro ya matangazo kabla ya kwenda Uingereza na kuwa mfinyanzi anayejulikana duniani kote kwa vyungu vya kusuguliwa, vyekundu na vyeusi. Kilichomgusa ni kwamba mtu anaweza kubadili fani akiwa mtu mzima bila kuitupa ile ya kwanza.

Alirudi mjini na falsafa aliyopenda kuieleza kwa maneno machache: jengo ni chungu kinachokaliwa na watu. Alimaanisha kuwa jengo nalo lina tumbo, mdomo na kitako, linapumua, linapoza, na liheshimu udongo uliolizaa. Ni wazo zuri, na mimi sina ugomvi nalo. Ila lina upungufu mmoja, na kazi ya kwanza iliukuta upungufu huo moja kwa moja.

Kazi yenyewe

Taasisi moja ya elimu ilimpa kazi ya kusanifu maktaba ya watoto, chumba kimoja kikubwa chenye veranda. Alipendekeza ukuta wa mbele, unaotazama baharini, usiwe na madirisha bali uwe wa matofali ya matundu ya udongo wa kuchomwa. Hoja zake zilikuwa sahihi kabisa. Kaskazi na kusi ndizo pepo mbili za pwani, na chumba kikiwa na matundu pande mbili zinazopokea pepo hizo hakihitaji feni muda mwingi wa mwaka. Tundu lililochongwa kwa mshazari linazuia jua la moja kwa moja na mvua ya upepo, huku mwanga wa kusomea ukipita. Tena udongo wa kuchomwa haurudishi joto ndani kama saruji iliyopigwa jua mchana kutwa.

Ukuta ulichorwa urefu wa mita 5.88 na kimo cha mita 2.31. Kila tofali lilikuwa milimita 200 kwa 200, na kati ya matofali nafasi ya chokaa ya milimita 10. Hiyo ni safu 11 zenye matofali 28 kila moja, jumla 308. Wafinyanzi wale wale wa kijijini ndio wangeyatengeneza, na malipo yalikuwa kwa kila tofali zima litakalotoka jokoni. Ukuta wa nyuma nao ungefuata kwa mtindo huo huo.

Mkataba ulisainiwa Septemba. Jengo lilitakiwa kukamilika mwisho wa Mei.

Yaliyotokea

Oktoba walitengeneza sampuli sita, wakazichoma kwa moto wa wazi pamoja na vyungu. Mbili zilipasuka, nne zikatoka nzuri, zinalia kama kengele. Mteja alionyeshwa zile nne, akafurahi.

Novemba uliibuka mgogoro wa usafiri. Kusomba udongo kutoka shimo la kijijini kwa lori kuliongeza gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti. Fundi mmoja akaonyesha bonde karibu na mji, karibu na bahari, lenye udongo mweusi unaonata vizuri mkononi. Mhusika akaukanda, akaona unafinyangika, akakubali. Ninapowasimulia wanafunzi kisa hiki huwa nasimama hapa kwanza, kwa sababu uamuzi huu haukuonekana kuwa uamuzi. Ulionekana kama kuokoa nauli.

Desemba walitengeneza matofali 120 kwa kalibu ya mbao ya milimita 222, wakikadiria kuwa udongo utasinyaa asilimia 10. Yakakaa kivulini siku tisa. Wakati huo huo joko la matofali mabichi lilijengwa, linalowashwa chini kwa magogo ya mivinje, makumbi na vifuu.

Mapema Januari joko likawashwa saa kumi jioni. Kabla ya saa sita usiku milio ilianza kusikika ndani. Joko lilipopoa na kufunguliwa, matofali 41 yalikuwa yamepasuka, mengine yamekuwa vigae vitupu. Yalibaki 79, nao wakayapanga kibarazani wakijipa moyo. Wiki mbili baadaye, hewa ya bahari ikiwa imeyaingia, matofali mengine yakaanza kurusha magamba: kibamba chembamba kinabanduka chenyewe, na chini yake panaonekana chembe nyeupe. Yakaharibika 23 zaidi. Yaliyobaki 56 walipoyapima, madogo kabisa yalikuwa milimita 195 na makubwa milimita 204. Fundi mwashi alipanga matano kwa uzi na pima maji, akayatoa, akakaa chini.

Hapo ndipo mfinyanzi mkubwa wao, bibi wa zaidi ya miaka sabini, alipopanda basi kwenda mjini. Mhusika alimpokea kwa shikamoo na chai. Bibi akaitikia marahaba, akanywa chai yake yote, ndipo akauliza: "Mwanangu, joko likila, nani analipa?"

Kwa mujibu wa mkataba jibu lilikuwa wazi, nalo lilikuwa la aibu. Matofali 64 yaliyoharibika yalikuwa hasara ya wanawake waliochimba, waliokanda na waliofinyanga kwa wiki tano. Mhusika aliwapenda watu hawa, aliwaita walimu wake mbele ya kila mtu, na bado karatasi aliyoiandika kwa mkono wake iliwabebesha moto ambao si wao walioamua uwashwe vipi, wala si wao waliochagua udongo wa bondeni.

Kazi ikasimamishwa wiki mbili. Ndipo nikaitwa.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa malipo, na mhusika alilitaka lije kabla ya mjadala wa udongo. Aliwalipa wafinyanzi matofali yote 64 kutoka kwenye ada yake mwenyewe. Kisha mkataba ukaandikwa upya: kuchimba na kukanda kunalipwa kwa siku, na kila tofali linalipwa likishakauka na kukaguliwa, kabla halijaingia jokoni. Kuanzia mlango wa joko na kuendelea, hasara ni ya mradi. Sababu yake haikuwa huruma tu. Mtu anayelipwa kwa kinachotoka motoni atafanya haraka ili aingize vingi, na haraka ndiyo iliyowapasulia.

La pili lilikuwa udongo. Nilimwomba siki ya jikoni, nikadondoshea kwenye donge la udongo wa bondeni lililokauka. Likatoa povu. Bonde lile liliwahi kufikwa na bahari, na udongo wake umejaa vipande vya makombe na matumbawe vidogo kuliko punje ya mchele. Makombe ni chokaa ghafi. Joko likipita nyuzi 800 hivi za Selsiasi, chembe hizo hugeuka kuwa chokaa hai ndani ya tofali, na tofali likishapoa chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa, huvimba na kurusha magamba. Udongo wa kijijini haukutoa povu hata tone. Ndimu ingefanya kazi ile ile ya siki, na jaribio zima linachukua dakika moja. Bonde likaachwa, nauli ya lori ikatafutwa kwa kupunguza nakshi za veranda.

Tulikubaliana pia udongo wote uchekechwe, uchanganywe na sehemu moja ya vigae vilivyosagwa kwa kila sehemu nne za udongo. Matofali 41 yaliyopasuka hayakufaa kusagwa, yalikuwa na chokaa ile ile, basi vikatafutwa vigae vya vyungu vya zamani kijijini. Chenga za vigae hazisinyai tena, zimeshapita motoni, nazo hufungua njia ndogo ndogo za maji kutoka.

La tatu lilikuwa moto. Chungu cha kupikia kina ukuta mwembamba na hustahimili moto wa wazi unaopanda ghafla. Tofali hili lilikuwa na kuta za milimita 25. Nje likionekana kavu, ndani bado lina maji, na maji yakigeuka mvuke kabla ya kupata pa kutokea hulipua udongo. Ile milio ya kabla ya saa sita usiku ilikuwa hiyo. Basi ukaushaji ukaongezwa hadi wiki tatu, na joko likapashwa polepole usiku kucha likiwa chini ya nyuzi 120 kabla ya kuongezewa kuni. Wakati wa kupoza tuliziba matundu yote kwa udongo, kwa sababu karibu na nyuzi 573 chembe za kwazi, yale madini magumu ya mchanga, zilizomo ndani ya udongo hubadilika umbo ghafla, na joko likifunguliwa mapema tofali hupata ufa mwembamba ambao jicho halioni lakini sikio husikia. Matofali 100 badala ya 120 yaliingizwa kila mara, ili moto upite katikati.

La nne ndilo lililokuwa gumu kwa mhusika. Mkandarasi alipendekeza matofali yakatwe kwa mashine ya kusaga ili yote yawe milimita 195. Mteja alipendekeza matofali ya saruji ya dukani. Mimi sikuwa na pendekezo, nilimuuliza swali moja tu: mchoro huu ulimchorea nani? Akaenda nyumbani na karatasi zake. Siku ya tatu alirudi na ukuta mwingine.

Hakubadili tofali. Alibadili nafasi iliyo kati ya matofali. Badala ya kuanza na tofali la milimita 200 na chokaa ya milimita 10, alianza na umbali wa milimita 220 kutoka kitovu cha tofali hadi kitovu cha jirani yake. Tofali la 204 likikaa hapo chokaa inakuwa milimita 16, la 195 inakuwa milimita 25, na matundu yenyewe yanabaki kwenye mstari. Ukuta ukagawanywa sehemu tatu kwa vinguzo viwili vyembamba vya milimita 80, ili kosa la sehemu moja lisisukumane mpaka mwisho. Hesabu ikakaa: matofali 26 kwa safu ni mita 5.72, ongeza vinguzo viwili, unapata mita 5.88 zile zile. Safu zikawa 10, na milimita 110 zilizobaki juu zikawa mkanda wa linta. Jumla ya matofali ikashuka kutoka 308 hadi 260.

Chokaa pana kiasi hicho haifichiki, inaonekana. Akaamua ionekane kweli: fundi aliipiga laini na kuirudisha ndani kidogo, kila tofali likabaki na kivuli chake pembeni, kama bakuli ndani ya kishubaka.

Uamuzi wa tano ulikuwa mdogo, karibu haukujadiliwa. Matofali yalipangwa makundi matatu kwa ukubwa, na mhusika akasema makubwa yakae safu za chini, madogo juu, ili ukuta uonekane umekaa imara. Sote tuliona ni sawa.

Matokeo

Majoko matatu yaliwashwa kati ya Machi na Juni, katikati ya masika, na ukaushaji ulikuwa taabu. Kati ya matofali 300 yaliyoingia, 271 yalitoka mazima. Vipimo vilikuwa kati ya milimita 197 na 203. Ukuta ulimalizika na kubaki matofali 11 ya akiba. Matofali 56 ya joko la kwanza hayakuingia ukutani, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa kuwa hayatarusha magamba.

Jengo lilichelewa wiki 11. Mteja hakusubiri ukuta wa nyuma, akaujenga kwa matofali ya matundu ya saruji. Mhusika alihuzunika, lakini sioni kosa la mteja: alikuwa na watoto wanaosubiri chumba. Ada ya mhusika, ukitoa alichowalipa wafinyanzi na muda wa kuchora upya, ilikuwa ndogo mno kwa kazi ya miezi 11.

Maktaba inatumika. Nimekwenda saa saba mchana mwezi wa Februari, jua kali, nikakuta watoto wamekaa sakafuni upande wa ukuta wa udongo, wala hakuna aliyewapangia. Baada ya masika ya pili, hata hivyo, safu mbili za chini zilianza kutoa unga mweupe na kumomonyoka usoni.

Uchambuzi

Nianze na kilichofaa. Wengi wanaozungumzia kisa hiki husifu sura ya ukuta, wakisema mhusika aliingiza ufinyanzi ndani ya usanifu. Sura ilikuwepo tangu mchoro wa kwanza, na mchoro wa kwanza ulishindwa. Kilichovuka kweli kutoka fani moja hadi nyingine ni ufahamu kwamba udongo una kipimo chake, nao hauongei kwa milimita, unaongea kwa asilimia. Mfinyanzi hafinyangi chungu anachokitaka, hufinyanga kikubwa zaidi na kuuachia moto ukipunguze. Mchoro wa mita na milimita unafaa chuma na saruji iliyomwagwa ndani ya mbao. Mtu akiuleta kwenye udongo bila kuubadili, anadai udongo uwe kitu kingine. Mchoro wa pili ulipanga nafasi ya kosa mahali pa wazi, yaani kwenye chokaa, na kuipa nafasi hiyo uzuri wake. Boriti ya mkoko ilifanya hivyo hivyo kwa vyumba vya zamani. Mhusika alikuwa amelisoma somo hilo kwa macho yake katika ile nyumba, akaja kulielewa kwa mikono miaka kadhaa baadaye.

Upungufu wa ile falsafa ya chungu kinachokaliwa uko hapa pia. Chungu ni kitu kimoja, kinaingia motoni kizima na kutoka kizima. Jengo linaunganishwa kutoka vitu vilivyopita moto tofauti, mikono tofauti, siku tofauti. Kwa hiyo akili ya msanifu iko kwenye viungo, na viungo ndivyo ambavyo chungu hakina.

Kilichoshindikana kwanza ni sampuli, na hapa ningependa msomaji ahesabu nami. Mbili kati ya sita zilipasuka: theluthi. Joko la kwanza lilipasua 41 kati ya 120: theluthi tena. Sampuli sita ni chache mno kutabiri kitu, na mfanano huo unaweza kuwa wa bahati. Lakini onyo lilikuwepo mezani, na mteja alionyeshwa zile nne tu. Mhusika hakuwa mdanganyifu. Alizitazama mbili zilizopasuka kwa jicho la mfinyanzi, ambaye amezoea kwamba vyungu vingine huenda na moto. Angezitazama kwa jicho la msanifu angeuliza kwa nini, kwa moto gani, kwa unene gani, na ni ngapi tutapoteza.

Kwa hilo nafika kwenye maoni yangu makubwa kuhusu kisa hiki. Kosa la mhusika halikuwa kuleta usanifu mwingi kwenye ufinyanzi. Alileta mdogo. Alipoingia kijijini kama mwanafunzi alivua fani yake mlangoni kwa heshima, kama mtu anavyovua viatu. Ofisini asingekubali kamwe saruji ya aina nyingine bila kipimo cha maabara, lakini udongo wa bondeni aliukubali kwa kuukanda tu. Ofisini mkataba wake ungesema wazi hasara ni ya nani, lakini na wafinyanzi aliandika mistari minne, akiona aibu kuwaletea walimu wake lugha ya kisheria. Heshima hiyo ndiyo iliyowaumiza. Wafinyanzi hawakuhitaji mtu wa kuwaita walimu, maana wanajua wanachojua. Walihitaji mtu anayejua mikataba na vipimo avitumie kwa faida yao.

Jaribio la kusinyaa, kwa mfano, lingechukua wiki mbili za Oktoba. Unatengeneza vipande kumi vya udongo, bapa kama rula, katika kila kimoja unachora mstari wa milimita 100 ukiwa bado mbichi. Ukikausha na kuchoma, milimita zilizopotea ndizo asilimia. Fanya kwa kila shimo la udongo, na kwa kila pembe ya joko. Bibi hakuhitaji jaribio hilo kwa vyungu vyake, ana udongo mmoja na mkono wa miaka hamsini. Kwa ukuta wa matofali 260 lilikuwa la lazima, na wa kulileta alikuwa msanifu.

Upande mwingine, bibi alikuwa na elimu ambayo hakuna aliyemuuliza wakati ilipohitajika. Mhusika alipenda kunukuu mbele yake ile methali, udongo uwahi ungali maji. Bibi alikuwa akimjibu: "Maji hayo yatataka kutoka, mwanangu." Sote tulicheka, hatukuandika.

Sasa zile safu mbili za chini. Nilizifikiria muda mrefu, kwa sababu nami nilikuwepo siku ya uamuzi. Chumvi hupanda na unyevu wa ardhini, na maji ya mvua hurukia ukuta kutoka sakafu ya nje. Chumvi hiyo hukauka ndani ya vitundu vidogo vya tofali, hugeuka chembe ngumu na kuusukuma uso wa tofali nje. Hilo tulilijua, na ukuta ulipaswa kuanzia juu ya kitako cha mawe, si karibu na sakafu. Lakini kuna zaidi. Tulipanga makubwa chini. Tofali kubwa ni lile lililosinyaa kidogo, na lililosinyaa kidogo, likiwa limetoka kalibu moja na udongo mmoja, mara nyingi ni lile lililokaa pembe yenye moto hafifu. Bado lina vitundu vingi, bado linakunywa maji. Kwa kuyapanga matofali kwa ukubwa tulikuwa tumeyapanga kwa ugumu bila kujua, kisha tukayaweka yale laini kabisa mahali penye maji na chumvi nyingi kabisa.

Nilipomweleza bibi haya, aliomba aletewe matofali mawili ya akiba, la 203 na la 197. Akagonga la kwanza kwa kokoto, likatoa mlio mfupi, butu. Akagonga la pili, likalia. Kijijini chungu chenye mlio butu hakiuzwi kama mtungi wa maji, hutengwa cha nafaka.

Matofali 52 ya safu mbili za chini yameshaondolewa. Mahali pake fundi anajenga kitako cha mawe ya matumbawe na chokaa, milimita 440 kutoka sakafuni, na ukuta wa matundu utaanzia hapo na safu nane. Mhusika ana kazi nyingine ya ukuta wa udongo mwakani. Kwenye karatasi za vipimo ameongeza safu ya kujaza mlio wa kila tofali, na mkataba unamtaja bibi na mjukuu wake kama wakaguzi, wanaolipwa kwa siku.